Mwalimu Aliyekubali Kosa la Kompyuta

Mwalimu wa hesabu aliyeletwa Nachingwea kutoka Bukoba, enzi kompyuta zinaanza kuingia huku kwetu, amefariki. Nimepata habari juzi, na sitamsifu kwa uongo eti kwa sababu amekufa. Alikuwa mbishi, na chai yangu aliiita maji ya kunawia. Jioni alikuja hospitali ya misheni, nilikokuwa napima watoto uzito, akatutengenezea kwa JavaScript, lugha ya kuiamuru kompyuta, ukurasa wa kupiga hesabu ya dawa. Faili la wakubwa aliandika yeye, la watoto aliandika mwenzake wa Ruangwa, akamletea kwenye diski. Kila faili lilikuwa na kifurushi cha kazi, yaani hesabu ambazo kompyuta inaamriwa kupiga, na kila kazi ina jina lake. Akavimimina vifurushi vyote katika kimoja, akajaribu dawa za wakubwa, zikatoka sawasawa. Akafurahi.

Kesho yake nikapima mtoto wa Marambo, kilo tisa, ana malaria. Karatasi ikatoka kwenye kompyuta: vidonge vitatu. Nikamwambia nesi, "Huyu ni wa nusu kidonge. Usimpe."

"Bibi, kompyuta haikosei."

"Basi imeze yenyewe."

Mwalimu akaitwa. Akafungua mafaili yake, akayasoma yote mawili. Yeye na yule mwenzake wa Ruangwa, kila mmoja alikuwa ameiita kazi yake "dozi". Iliyoingia mwisho ilikuwa ya wakubwa, nayo imeifuta ya watoto, kimya kimya. Nikamwambia mimi nina wajukuu watatu wenye jina la babu yao, na hawapotei, kwa sababu kila mmoja tunamtaja pamoja na mama yake. Akacheka kwa aibu. "Umeniumbua, Bibi."

"Bora nikuumbue kuliko tumzike mtoto wa watu."

Akakiacha kila kifurushi na jina lake ndani ya kile kikubwa, dozi ya watoto mbali, ya wakubwa mbali. Akaweka na amri kwamba jina likikutwa limeshachukuliwa, kompyuta igome na iseme. Kisha akamfuata mama wa mtoto pale kwenye benchi, akamweleza yote. Mama akashangaa, "Si hajameza? Sasa unaniambia ya nini?"

"Ujue aliyekosea ni mimi, si mashine."

Siku hizi kila ofisi ninayoingia naambiwa mfumo umekosea, na anayeniambia hata hainui uso. Mfumo haujiandiki. Kuna mtu aliyeunganisha vitu asivyovikagua, na mtu huyo ana miguu ya kumpeleka mpaka kwenye benchi alipokaa mwenzake.