Mkutano Usiomngoja Mwenyekiti

Juma hili, dukani ninapochaji simu hapa Kasongo, dada mmoja anayewaandikia watafiti programu za kompyuta alikuwa akiongoza mkutano wa mtandaoni wa wenzake. Hakukuwa na hotuba. Washiriki wenyewe ndio waliopaswa kuleta mada.

"Mwenye iko na swali, aseme." Akauma kidole akingoja.

Ndipo mwanamume mmoja wa Kabambare akasema, "Dada, programu yangu inapoteza vipimo vya mvua kila rezo ikikatika."

"Yetu pia!" wengine wakadakia.

Papo hapo rezo yetu, yaani mtandao, ikakatika. Dada akakaribia kulia. Iliporudi, akauliza, "Muliningojea?"

"Hapana, dada. Tuko tunaendelea. Mumoja iko anatuonyesha namna ya kuhifadhi vipimo."

Akaangua kicheko. Nimehudhuria mikutano mingi mjini hapa. Sijaona mwenyekiti mwingine aliyefurahia kutongojewa.