Jino Lililozama

Mama Futi hamwamini mtu. Mteja akimtajia kiuno chake, anampima. Akimaliza anampima tena, eti huenda amejibana tumbo. Nimeshona naye chumba kimoja miaka tisa, na mpaka leo huhesabu vifungo vyake nikitoka kununua chai. Nimezoea. Lakini hili la wifi yake lilinichosha.

Alisafiri wiki tatu kumuuguza mama yake, akamwachia wifi huyo, dada wa mumewe, binti yake wa miaka minane. Aliporudi akamkagua mtoto kichwa mpaka vidole, akakuta pengo mdomoni, chini kushoto, palipokuwa na gego la utotoni. Wifi akaapa hajaliona jino likidondoka. Mama Futi akakata shauri hapohapo: mtoto kapigwa.

Alimhoji mtoto siku nne. Ya tano mtoto akasema, "Ndiyo, shangazi alinipiga." Wifi akapigwa marufuku kukanyaga kwa Mama Futi, na mume akawa anakwenda kumwona dada yake kwa kuibia.

Miezi miwili baadaye ufizi ukavimba penye pengo.

"Twende wote kwa daktari wa meno," Mama Futi akaniambia. "Uwe shahidi wangu. Nataka aandike kwamba jino lilivunjwa."

Daktari, mwanamke mpole asiye na haraka, aligusa pengo kwa ncha ya chuma, akakuta kitu kigumu. Akaagiza picha ya eksirei.

"Jino halijatoka, mama," alisema, akituonyesha. "Limezama. Mzizi umeshikana na mfupa, kwa hiyo wenzake walipokuwa wanapanda, lenyewe likabaki chini. Wakaliegemea, ufizi ukalifunika."

Mama Futi alikaza macho. "Nitajuaje hii ni picha ya mwanangu? Humu wameingia watoto wengi."

Nilitamani sakafu inimeze. Daktari hakununa. Alionyesha doa jeupe upande wa pili. "Hili lilizibwa. Wako alizibwa jino?"

Mama Futi alimfungua mtoto mdomo mwenyewe, akahesabu meno, akarudia. Lile la kuzibwa lilikuwa palepale.

"Na kupigwa?" aliuliza, sauti imepungua.

"Sioni kilichovunjika. Na jino halizami hivi kwa wiki tatu. Hili lina mwaka au zaidi. Hukuwahi kumwangalia huku nyuma?"

Mwanamke anayepima kila mtu mara mbili akaanza kukunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Daktari alieleza kwamba chini yake kuna jino la ukubwani linalosubiri njia. Atalitoa lililozama, aweke waya mdogo wa kuwazuia wenzake wasizibe nafasi, kisha awe anampiga picha mara kwa mara. Likiachwa, la ukubwani litakosa pa kutokea. Mama Futi aliuliza maswali kumi na moja, kisha akakubali.

Tukiwa kwenye benchi la nje, akamgeukia mtoto.

"Kwa nini uliniambia shangazi alikupiga?"

"Nilikwambia hapana," mtoto akasema. "Nilisema hapana kila siku. Niliposema ndiyo, ukaacha kuniuliza."

Mama Futi alijifunika uso kwa mtandio. Alilia kweli, wala sikumbembeleza.

Tulikwenda moja kwa moja kwa wifi, picha ikiwa ndani ya bahasha. Njia nzima mtoto alinishika mkono mimi. Wifi alifungua mlango. Mama Futi akaanza kuichomoa picha, aeleze ya mizizi na mifupa, lakini mtoto akamtangulia.

"Shangazi, nilikusingizia," akasema. "Usinichukie."

Wifi alipiga magoti, akamkumbatia, akamwingiza ndani. Nami akanikaribisha. Kisha akamtazama Mama Futi na bahasha yake.

"Wewe wifi, ngoja hapo nje kwanza," akasema, akaurudisha mlango.