Saa Iliyomsingizia Mama

Nilirudi mjini kwetu Baraka nikakuta mama yangu amekuwa kichekesho.

Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliona benchi. Miaka yote, jua likichomoza tu, benchi la mbele ya nyumba yetu lilijaa wanawake wenye watoto wa kikohozi, wakimsubiri Muganga, kama mtaa mzima unavyomwita mama ingawa alishastaafu uuguzi. Safari hii juu ya benchi walikuwa wameanikwa ndagala, dagaa wa ziwani.

"Mama, watu wako wapi?"

"Bako kwabo," akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Mama aliuguza watu wa kijiji cha Lubondja tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Mashine za kupimia hazikuwepo. Alikuwa na saa moja ya mkononi, ya kujaza kwa kuzungusha kitufe kila asubuhi, aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza kutoka kwa mchuuzi aliyepanda na bidhaa za bandari ya Kazimia. Ilikuwa saa rahisi hata siku ile. Aliivaa uso wake ukiwa upande wa ndani wa mkono, ili akimshika mgonjwa aione bila kujigeuza. Kwa saa hiyo alihesabu pumzi. Humvua mtoto shati, humlaza mapajani, macho yanabaki kifuani pa mtoto, midomo inatembea, na mshale mwembamba unazunguka pembeni mwa jicho lake. Mtoto asiyetimiza mwaka akifikisha pumzi hamsini kwa dakika, hakuna mjadala: ni hospitali, sasa hivi. Wapo watu wazima wenye ndevu Lubondja ambao wako hai kwa sababu ya hesabu hiyo.

Kaka yangu mkubwa, mwenye boti ya kwenda Kazimia, ndiye aliyenisimulia yaliyotokea. Alisimulia akicheka. Majuma mawili kabla sijafika, jirani wa ng'ambo ya barabara alimleta mwanawe wa miezi minane. Mama alihesabu hamsini na sita. Mvua ilikuwa inapiga. Jirani alipanda pikipiki, mtoto ndani ya kitenge, na hospitalini muuguzi kijana akahesabu kwa simu yake: arobaini na mbili. Mafua tu, rudi nyumbani. Mwanamke alirudi amelowa mpaka mifupa, na kesho yake akatangaza bombani, mbele ya foleni nzima ya madumu: "Muganga wetu amechoka. Alihesabu pumzi ya mutoto na ya kuku yote yenye kuzunguka mu parcelle yake."

Foleni ilicheka. Ndagala walianikwa kwenye benchi wiki hiyo hiyo.

"Ni uzee, mudogo wangu," kaka akasema, akijipangusa macho. "Uzee hauna dawa. Tumuache apumuzike."

Ningeweza kuvumilia kicheko cha bombani. Sikuweza kuvumilia hali ya mama. Nilimkuta amevua saa, ameitia kwenye kopo la vifungo, na aliponiona akasema, "Labda ni kweli. Labda ni miye." Mama yangu hakuwahi kuniambia labda. Aliposema homa, ilikuwa homa. Aliposema utapona, nilipona kwa woga wa kumkosea. Sasa alikuwa anakaa jikoni kama mtu aliyeambiwa kwamba maisha yake yote alisoma kitabu kichwa chini.

Niliichukua saa ile nikaiweka juu ya meza, nikaitazama kama anavyotazamwa mwizi anayejifanya amelala. Ilitembea vizuri. Niligeuza mkono kama mama anavyogeuza, nikaendelea kutazama. Mara ya nne, mshale wa sekunde ulipofika kwenye nane, ulisimama. Ulisimama kama mtu aliyesahau ametumwa nini. Halafu ukaendelea, bila aibu.

Nikamwambia kaka naipeleka kwa fundi.

"Saa ile? Sokoni mupya ni franka elfu tano, inawaka mpaka taa. Kutengeneza ile ni kununulia maiti viatu."

Tena alikuwa ameshaleta hiyo mpya. Ya plastiki, ya namba zinazorukaruka. Mama alijaribu. Namba lazima zisomwe, na ukizisoma umeacha kifua cha mtoto. Mshale hausomwi, unaonekana tu wenyewe. Alimweleza kaka hivyo kwa upole, na kaka akanikonyeza: unaona, ameanza.

Fundi wa saa anakaa mwisho wa soko, baada ya mafundi wa simu, kioo cha kukuzia kimefungwa kichwani kwa mpira wa baiskeli. Aliishika saa ya mama, akaitikisa, akanirudishia macho.

"Mi siwezi kukudanganya, ndugu. Ni dola kumi na tano. Saa yenyewe haiko hata ya tano."

"Kwa hiyo haifai kutengenezwa?"

"Miye nimesema bei. Kufaa ni mambo yako."

Nilimwambia aifungue. Alitoa mfuniko, akainama, na badala ya kutazama akanusa.

"Kwenu kuko mutu wa boti?"

"Kaka yangu. Kwa nini?"

"Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya nguo za kaka, harufu ya mwalo wa boti asubuhi, mafuta yale wanayochanganya na petroli ya injini. Yalikuwa yameganda ndani ya saa, meusi, mazito kama asali ya zamani, na kila gurudumu lilikuwa limekamata uchafu wake. Fundi aliigeuza saa uso chini, akahesabu kwa sauti mshale uliposimama. Safari hiyo alifika ishirini kabla haujashtuka.

"Boti yote ya huku inaniletea kazi," akasema. "Wanaume ba boti, kwao kila kitu chenye kuzunguka ni moteur ya boti. Iko mumoja alitia mpaka mu cherehani ya bibi yake, bibi akashona nguo yote ya harusi na madoa."

Alicheka. Mimi nilikuwa nakokotoa. Sekunde ishirini zilizopotea, mtoto anaendelea kupumua, mama anaendelea kuhesabu. Arobaini na mbili inakuwa hamsini na sita. Hesabu ya mama ilikuwa sahihi pumzi kwa pumzi. Dakika ndiyo iliyokuwa ndefu.

Na nikakumbuka. Miaka miwili nyuma saa iligoma, kaka akasema muniachie, akarudi nayo inalia, na mama akamsifu kwa kila aliyekaa kwenye benchi lile. Mwanangu ana mikono! Kumbe alikuwa amechovya kijiti cha ufagio ndani ya dumu lake la mafuta.

Nilimwachia fundi saa, nikarudi nyumbani. Nilimwambia mama kila kitu, nikitegemea afurahi. Alisikiliza mpaka mwisho, akafumba macho kidogo, akasema, "Usimuambie ndugu yako. Wala mutu wa inje."

"Mama! Wanakucheka bombani!"

"Bacheke. Yeye njo anatulisha."

Sikumtii. Nilimfuata kaka mwaloni, mbele ya wapakiaji wake, nikamwambia kwamba mafuta yake ndiyo yaliyomfanya mama aitwe mchovu, na kwamba atatoka aende kwa jirani aseme hivyo kwa mdomo wake.

"Mafuta ni mafuta," akasema. "Ile injini inakunywa hiyo hiyo mpaka Kazimia, inarudi. Saa ni nini?"

"Ulimharibia jina."

"We mutu wa vitabu, ulituma ngapi nyumbani mwaka huu?"

Wapakiaji walisema aaah, kama watu wanaotazama mpira. Niligeuka nikaenda sokoni kwa fundi. Hasira isiyo na jibu ndiyo mbaya kuliko zote, na nililipa zile dola kumi na tano nikiwa nayo.

Saa ilirudi imeoshwa, inalia kwa sauti ndogo na safi. Mama hakuivaa. Siku tatu aliilinganisha na simu yangu, asubuhi, mchana na jioni, imelala chali, imelala kifudifudi, imening'inia. Siku ya nne aliifunga mkononi, uso ndani.

Alasiri hiyo mmoja wa wapakiaji wa kaka aliingia mbio na binti yake wa miezi mitano. Kaka alikuwepo, anakula. Mama alimlaza mtoto mapajani, akahesabu mara mbili. Sitini na nne, sitini na tatu.

"Hopitali. Sasa hivi."

Yule baba hakumtazama mama. Alimgeukia kaka. "Patron, tufanye aje?"

Nikasimama. Nilikuwa nasubiri sentensi moja tu, ile niliyomwomba mwaloni. Kaka aliweka tonge chini, akanawa, akachukua ufunguo wa pikipiki.

"Mama akisema hopitali, ni hopitali. Twende."

Walimlaza yule mtoto siku sita, pua kwenye oksijeni. Yu hai. Kaka aliporudi nilimwambia sasa sema, waambie watu ilikuwa mafuta yako. "Nilimupeleka, haitoshi?" akasema, akarudi kwenye sahani yake. Haitoshi. Mpaka leo hajasema, na mama hajamwuliza, na nikiwatazama wawili hao wakila sahani moja natamani kupindua meza.

Asubuhi moja jirani wa ng'ambo alivuka barabara na mwanawe mgongoni. Alisukuma ndagala upande mmoja wa benchi, akakaa, kana kwamba hakuwahi kusimama bombani. Alinisalimu. Nikainama kugeuza ndagala. Alinisalimu tena.

"Mama yangu huyu," nikaanza, "ulipokuwa unasema kuku za parcelle—"

Mama alikuwa ameshamvua mtoto shati. Alinyanyua kidole kimoja bila kuinua macho, kutunyamazisha sote wawili. Midomo yake ilikuwa imefika thelathini na moja.