Ubao wa Babu, Koti la Daktari

Kibiongo changu kilianza kuchomoza nikiwa na miaka kumi na moja, kule kisiwani Chovae, na babu yangu, fundi wa mashua, aliijua dawa yake papo hapo. Ubao uliopinda hupakwa sifa, yale mafuta ya papa, ukalazwa juani, ukawekewa mawe. Nami nikapakwa, nikalazwa kifudifudi, nikawekewa mawe mawili juu ya nundu.

"Mchu si mashua, wewe!" bibi alimfokea kwa lahaja ya kwetu.

Babu akajibu kwamba mashua hazina mdomo, ndiyo maana hunyooka upesi. Mgongo haukunyooka, ila paka wa kijiji kizima walinifuata.

Vita vilipofika visiwani tulikimbia. Pale Ras Kamboni wenye bunduki walitupekua mmoja mmoja. Walipofika kwangu waliziba pua kwa uvundo wa sifa, wakaniruka. Laiti wangejua! Bangili zote za bibi nilikuwa nimefungwa nazo tumboni.

Bangili hizo ndizo zilizoninunulia koti gumu la plastiki kwa daktari wa Mombasa. Alisema mifupa yangu ingali inakua: nikilivaa miaka miwili, mchana na usiku, mgongo utanyooka. Nikizembea, nitabaki hivyo maisha.

Nililichukia kwa moyo wote. Joto la Mombasa, na plastiki juu yake! Bibi akienda sokoni nililivua, nikauvisha mtungi wa maji. Mtungi ulipendeza kuliko mimi. Siku moja babu akanifuma. Nikangoja bakora.

Babu mwenyewe alikuwa amepinda kwa miaka mingi ya kuinamia mbao. Hakunigusa. Aliokota ubao uani, akaniamuru nimfunge nao mgongoni kwa kanga ya bibi, kisha akaketi mbele yangu.

"Haya, mjukuu wangu. Tuone nani atavua kwanza."

Nishindwe na mzee? Nikavaa. Tulikula wima, tukagombana wima, majirani wakatucheka. Nilipomsikia akiguna nilimchokoza, "Umeshindwa, babu?" Uchokozi ule naujutia hadi leo.

Miaka miwili ikapita, daktari akanivua koti. Nilikimbia nyumbani. Babu aliupapasa mgongo wangu kwa kiganja, juu hadi chini, kama alivyokuwa akikagua ubao. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamgeukia bibi.

"Nifungue sasa."

Bibi akafungua kanga. Mabegani pa babu palikuwa na makovu mawili yaliyochimbwa na ubao, na mgongo wake ukarudi kuinama palepale ulipokuwa.