Nusu ya Kupanda, Nusu ya Kuvuna

Miaka hiyo, kabla simu za watu wa kawaida hazijaanza kuwa na picha, vitabu vya hadithi vilifika Kitale kwa njia ileile iliyoleta viatu nilivyouza: vimebanwa, vimefungwa kamba, na hakuna aliyeuliza vimetoka kwa nani. Viatu vilikuwa na heshima zaidi. Kiatu mtu hukivaa, akatembea kidogo juu ya gunia, akakunja uso ili nimpunguzie. Kitabu hakuna aliyekijaribu. Muuza vitabu wetu, aliyetandaza mali yake karibu na meza yangu, alipanga kila kitu kwa kuangalia picha ya jalada, na mimi niliishi kwa makosa yake.

Alikuwa na mafungu manne: shule, dini, watoto na kilimo. Kilimo ndicho kilichouzika. Kitale ni mji wa mahindi, na mzazi aliyekataa katakata kununua kamusi angetoa noti bila kelele kwa kijitabu cha magonjwa ya ng'ombe. Kwa hiyo chochote chenye jani, mnyama au udongo kwenye jalada kilitupwa fungu la kilimo. Hapo ndipo nilipopata riwaya yangu ya kwanza ya wanaume wawili wanaopendana. Jalada lilikuwa na vijana wawili na mtoto wa mbwa. Mwenyewe alikuwa ameiweka kati ya ufugaji wa sungura na dawa ya kupe.

"Hiyo ni ya mbwa, dada," aliniambia. "Namna ya kumlea."

"Mimi sina mbwa."

"Utapata. Si unaona wezi walivyojaa hapa?"

"Nikipata mbwa nitarudi."

Akanipunguzia kwa sababu sina mbwa.

Nilikisoma nyuma ya rundo la viatu, nikisimama kila mtu alipoulizia saizi. Vijana hao walikuwa watu wa siku hizi, wa mji fulani wenye baridi, mmoja mwoka mikate na mwingine fundi baiskeli. Nilitazamia maajabu. Badala yake waligombana juu ya nani amemaliza maziwa, wakanuniana, wakapatana. Nilikulia nyuma ya msikiti, katika ploti ambayo ukuta mmoja ulitosha nyumba mbili, na ugomvi wa maziwa niliujua vizuri. Mambo ya watu wa namna hiyo, mjini kwetu, yalitajwa kwa matusi tu. Sikuwahi kusikia yakitajwa pamoja na maziwa.

Baada ya hicho nikawa mwindaji. Kwenye fungu la watoto nilitoa kitabu chenye joka, na ndani yake malkia akampenda mwanamke anayeliendesha lile joka angani. Nilimwambia muuzaji joka litawatia watoto homa, akashusha bei. Kwenye fungu la dini nilitoa cha masista wawili waliokuwa wamevaa vizuri mno kuwa masista. Mapenzi ya falme za kubuni, ya zamani, ya leo, nilisoma yote na kuyafurahia yote, ila ya zamani yalinitesa. Wanawake wa zamani walikufa ovyo. Ilikuwa kikohozi, au farasi, au meli. Ukiona wamefurahi sana katikati ya kitabu, anza kuomboleza.

Sikusoma peke yangu. Nilikuwa na rafiki, fundi wa nguo wa Kanduyi, kule Bungoma, mwenye kibanda kando ya barabara na cherehani ya miguu. Kukiwa na mechi au mkutano uwanjani nilipeleka viatu huko, nikavitandaza mlangoni pake. Yeye hakuweza kusoma na kushona kwa wakati mmoja. Mimi niliweza kusoma na kuuza. Basi nilisoma kwa sauti, Kiingereza kikinishinda naingia Kiswahili, naye akakanyaga cherehani. Mteja akiingia nilihamia kusoma bei za viatu kwa sauti ileile.

"Amekohoa tena," alikuwa akisema bila kuinua kichwa. "Huyu hafiki mbali."

"Ni kikohozi cha kawaida."

"Kwa hivi vitabu vyako? Hakuna cha kawaida, bana."

Alikuwa akisema kweli, na tulikuwa tukicheka, lakini nikirudi Kitale jioni kicheko hicho hakikufika nami nyumbani. Nilikuwa nimeanza kuhesabu. Nilitaka kitabu kimoja tu ambacho wanawake wawili wanafika ukurasa wa mwisho wakiwa hai na wakiwa pamoja. Sababu sikumwambia mtu. Hata huyo fundi sikumwambia kwa maneno, ila nadhani alinisikia kwa namna nilivyokuwa nikisoma.

Kitabu chenyewe kilikuja mwaka ambao mvua ilikuwa nzuri. Kilikuwa kinene, jalada lake lina wanawake wawili wa zamani ndani ya shamba la ngano, magauni hadi chini, mmoja mrefu na mundu mkononi. Nilipokiona kilikuwa tayari kimekatwa katikati kwa panga, kimebaki nusu ya mbele.

"Nusu nyingine iko wapi?"

"Imeenda," akasema muuza vitabu. "Kitabu kinene hakinunuliki. Hii ni nusu ya kupanda. Ile ya kuvuna nimeuza peke yake."

"Umejuaje hii ni ya kupanda?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mahindi huota wapi. "Si kupanda huanza?"

Nilinunua kupanda. Nikakisomea Kanduyi, na wallahi kwa mara ya kwanza tulisahau kutabiri vifo. Mgeni anafika kijijini, hana kwao. Mwenye shamba, yule mrefu, anampa kazi kwa sababu hana mwingine wa kumpa. Wanapanda. Wanapalilia. Siku moja mgeni anamtoa mwiba kidoleni, inachukua kurasa nne, na rafiki yangu akaacha kukanyaga cherehani kabisa. Kisha mwenye shamba anaambiwa na kaka zake kwamba shamba litabaki kwake akikubali kuolewa tu. Hapo ndipo panga lilipopita.

"Geuza," akasema rafiki yangu.

"Hakuna cha kugeuza."

Mambo yenyewe yalikuja wakati mbaya. Mama mkubwa wa rafiki yangu alikuwa amempatia mume, mwanamume wa Malakisi aliyefiwa na mkewe, mwenye ng'ombe wa maziwa na sauti ya upole. Watu wake walikuwa waje kabla ya Krismasi. Rafiki yangu hakuwa amekubali wala kukataa. Siku hiyo alipima kola ya shati, akaikata, akasema huku ameuma pini:

"Hao wawili wakifa, mimi naenda Malakisi."

Nikacheka. Naye akacheka. Lakini mimi ni mtu wa soko, na sokoni bei ya kweli husemwa kwanza kama mzaha ili msemaji aone uso wako. Nilijua nimetajiwa bei.

Nikamrudia muuza vitabu. Alijikuna, akakumbuka: kuvuna kulinunuliwa na mama mmoja wa Ndalu, muuza vitunguu, mwenye buti za mvua za njano. Siku ya soko ya Ndalu nikafunga meza yangu, jambo ambalo majirani zangu walilizungumza hadi mwaka mpya, nikaenda na nusu yangu ndani ya mfuko.

Buti za njano niliziona kabla ya mwenyewe. Kitabu kilikuwa juu ya vitunguu, kimefungwa nailoni. Kitu unachokitaka hukiulizii kwanza, kwa hiyo nikaanza na vitunguu. Nikavibonyeza, nikalalamika, nikapewa bei, nikaondoka, nikarudi. Ndipo nikasema:

"Na hicho, mama, ni cha nini?"

"Cha kuvuna." Alikuwa mama wa makamo, wa zile familia zilizotoka upande wa Nyeri kuja kulima kwetu. "Lakini hakuna kitu wanavuna. Wanavuna asubuhi moja, halafu wanaangaliana mpaka jioni. Mimi nilitaka dawa ya dumuzi wa mahindi."

"Basi kimekuharibia pesa. Naweza kukuondolea."

"Nani amesema nauza? Nimesoma hii mara mbili. Kitu inanisumbua ni mwanzo. Kila saa ati mgeni, mgeni. Mgeni wa wapi? Walijuana wapi hawa?" Akasita, akautazama mfuko wangu, kisha uso wangu. "Wewe uko na ile ingine."

Miaka yote hiyo sokoni, na uso ulinisaliti kwa mama wa vitunguu.

Nikamtajia pesa. Akasema pesa atapata kwa kitunguu. Nikaongeza. Akaanza kumhudumia mtu mwingine. Mwishowe alisema jambo la wazi kabisa: nimpe yangu, anipe yake, kila mtu asome ambacho hajakisoma, turudishiane siku nyingine ya soko. Mapatano ambayo hayana mtu wa kupoteza hunitia wasiwasi, kwa hiyo nikauliza kilichokuwa kikinikereketa.

"Mama, na hao wawili... umeelewa wako namna gani?"

"Mimi nimeolewa, nimezaa, nimezika. Watu wakipendana nitakosa kujua?" Akapanga vitunguu upya. "Hao wanasikizana kuliko jirani yangu na bwanake. Kelele ya hapo kwake inafika kwangu kama redio."

Nikahesabu kurasa zake, mara mbili. Naye akahesabu zangu, mara mbili, akilowesha kidole, na nikamheshimu. Tulipobadilishana akasema, "Sasa huko mwisho, yule mrefu anaenda ana..."

"Mama, tafadhali. Usiniambie. Kuna mtu ananingoja tusome pamoja."

"Mtu."

"Ndiyo."

Alifunga vitunguu vyangu, kisha akaongeza kimoja, kikubwa. Nyongeza huombwa, hugombewa, na mara nyingi hunyimwa. Yeye aliitoa bila kuombwa na akageukia mteja mwingine.

Kufika Kanduyi na kitabu ambacho sijakifungua ndiyo kazi ngumu zaidi niliyowahi kufanya bila malipo. Nilikuta kibanda kimejaa sare za shule, za wale wazazi wachache wanaojitayarisha mapema na kudai punguzo kwa sababu hiyo. Sikutandaza viatu. Nikakaa kwenye kigoda, nikafungua nailoni.

Yule mrefu hakuolewa. Aliwaambia kaka zake wachukue shamba, wakalichukua. Wale wawili wakaondoka na mbuzi mmoja na mundu, wakaenda kuvunia watu wengine, shamba baada ya shamba. Wakaingia kijiji kingine wakapanga chumba kwa mwenye nyumba mmoja kisirani. Kazi yao ilikuwa nyingi na maneno machache. Karibu na mwisho nikasoma kwamba mrefu alipinda mgongo, akakohoa.

Cherehani ikasimama.

"Soma tena hapo."

"Ni vumbi. Wanapura ngano."

"Soma kama imeandikwa vumbi."

Nikasoma. Imeandikwa vumbi. Hakuendelea kushona hata hivyo, akaja kukaa sakafuni karibu na kigoda, na futi ya kupimia ikabaki shingoni mwake.

Ukurasa wa mwisho walikuwa wazee. Walikuwa wakibishana juu ya kuku aliyekuwa akienda kutaga kwa jirani, mmoja akisema achinjwe, mwingine akimtetea. Mrefu akashinda. Wakamla. Kisha yule aliyekuwa mgeni akasema nje kunanyesha, kuni ziingizwe ndani, na kitabu kikaisha.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

"Hakuna amekufa?"

Niligeuza jani la mwisho, nikatazama pande zote mbili. "Kuku."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha sare ya mtu. Akakaa hapo, bega lake likiegemea goti langu, magari yakipita barabarani na vumbi lao. Mimi nilikuwa nikingoja. Nikauliza mimi.

"Sasa Malakisi?"

"Malakisi imefanya nini?"

"Si ulisema. Wakifa unaenda."

"Ah." Akasimama, akarudi kwa cherehani, akapenyeza uzi kwenye sindano. "Mama mkubwa nilimwambia hapana zamani. Kabla hata hujaenda Ndalu. Amenuna, ataacha."

Nikafunga kitabu. "Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungekitafuta kitabu?"

"Ningekitafuta."

"Ungesema tungoje bei ishuke."

Alinitupia sare mbili mapajani, na kopo la vifungo.

"Shona hivyo. Magari ya Kitale yameisha," akasema, ingawa jua lilikuwa bado juu na manamba wa matatu alikuwa akiita Kitale, Kitale, pale barabarani, sote wawili tukimsikia.

Sikubishana.