Afande na Kompyuta Kumi

Wiki iliyopita nilikuwa miongoni mwa watu kumi walioitwa kwenye chumba kipya cha intaneti hapa Jinja. Fundi kutoka Mbale alitaka kujua kama seva yake, na ile mashine ndogo inayopokea maombi yetu na kuyafikisha kwenye seva hiyo, zitahimili watu wote kwa mpigo.

"Nikisema tatu, wote mnabonyeza kitufe pamoja," alisema.

Alihesabu. Hakuna aliyebonyeza. Tulikuwa tunamtazama afande mstaafu wa magereza aliyekaa mbele. Nani amtangulie mzee? Yeye akabonyeza, ndipo nasi tukafuata, mmoja mmoja, kwa adabu. Fundi akarudia mara tatu, ikawa vilevile. Akashika kichwa.

Afande akachoka, akafoka kwa Kiswahili cha magereza. "Nyinyi wote! Bonyeza sasa!"

Vidole vyote vikashuka. Skrini zote zikaganda.

Afande akavua kofia, akaifinyanga mikononi. "Fundi, nisamehe. Mimi nimeharibu."

"Hapana, afande. Nilitaka nione inashindwa wapi. Afadhali leo kuliko siku ya kufungua."

Bado hakuivaa kofia. Katika nchi hii Kiswahili ni lugha ya askari, nami nimepewa amri nyingi kwa lugha hiyo. Hiyo ndiyo ya kwanza niliyoona ikiombewa radhi.