Mkaratusi Uliokata Laini ya Nairobi

Miaka ya themanini, ofisi yetu ya ushirika wa kahawa pale Nyeri iliunganishwa na kompyuta ya Nairobi, nami nikawekwa mbele ya kioo chake. Fundi aliyeleta modemu, kisanduku kama mkate, alinieleza kazi yake. Kompyuta huongea kwa tarakimu, laini ya simu hubeba sauti. Modemu yetu hugeuza tarakimu ziwe mlio, na mwenzake kule Nairobi hurudisha mlio uwe tarakimu.

Lakini kila alasiri taa ya kijani ya modemu ilizimika na laini ikakatika, kazi ikiwa katikati. Sikutulia tena. Nilisimama, nikaketi, nikaenda dirishani, nikarudi. Meneja akaanza kusema mashine irudishwe ilikotoka.

"Asubuhi inafanya, mchana inakataa," nilimwambia fundi wa simu aliyekuja kukagua laini. "Shida haiko kwa mashine. Iko njiani."

"Basi twende tuangalie nguzo."

Tulifuata nyaya kwa gari lake hadi ng'ambo ya Karatina. Alasiri upepo ulipoanza kushuka mlimani, nikauona mkaratusi ukiinama na kuzigonga nyaya. Nilipiga kelele asimame, nikaruka chini kabla gari halijatulia.

Mwenye shamba, bibi mzee, alitoka na jembe. Nikamweleza.

"Ati mti yangu inakatia watu ya Nairobi maneno?" akashangaa. "Hii haikatwi. Nilipanda na mzee wangu tukitoka kijiji ya Emajensi, ile wakoloni walitufungia. Yeye alikufa, mti ikabaki."

Fundi akaanza habari za sheria. Nikamkatiza, nikamgeukia bibi.

"Cucu, je, tukitoa matawi ya upande wa nyaya peke yake?"

Alizunguka shina akitazama juu. "Haya. Lakini ni mimi nitawaonyesha ni gani."

Akaonyesha tawi moja moja kwa mpini wa jembe, na fundi akakata.

Kesho yake taa haikuzimika hadi tulipofunga ofisi. Meneja alifurahi. Mimi kiti kilikuwa kinaniwasha. Nikamwuliza yule fundi wa simu kama chuo chao cha ufundi huchukua wanawake.

"Sijaona hata mmoja," alisema. "Jaribu."

Mama alikasirika. "Umepata kazi ya kukaa, sasa unataka kupanda nguzo kama nyani?"

Nilienda chuoni hivyo hivyo. Nguzo yangu ya kwanza ilikuwa Timau, kando ya mashamba ya ngano. Upepo ulinisukuma huku na huku, nikashuka, nikaomba nipande nyingine.